Bei ya Kicheko cha Shangazi

Haya ni pambo la mtu. Mtoto asiye na haya huwatia wazazi wake aibu, na mtu mzima asiye na haya hukimbiwa hata na ndugu zake. Hilo halina ubishi. Lakini haya nayo ina mipaka yake, jamani! Kuna haya ya kumheshimu mwenzio, na kuna haya ya kuimeza haki yako mwenyewe huku unatabasamu. Hii ya pili ndiyo iliyompa jina binti mmoja mpiga picha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu, mtaani wote walimwita Soni, yaani haya. Kila alipoulizwa, "Ni kiasi gani?" alitazama chini na kukwaruza ukucha wa kidole gumba, mpaka watu wakaona neno hilo limemkaa kuliko jina.

Si kwamba hakuijua kazi. Kazi aliijua barabara. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya umeme, chumba chembamba chenye dirisha moja, pazia jeupe, kiti cha mbao kisicho na mgongo na kompyuta kuukuu iliyounguruma mchana kutwa. Mtoto mtukutu akiletwa pale, Soni alimsemesha mawili matatu, na picha ikatoka mtoto ametulia kama maji mtungini. Aliwapiga picha mafundi rangi juu ya ngazi, makanika wakipumzika juu ya matairi, na mvua ikiteremka kwenye vioo vya madirisha. Watu walizitazama wakaguna kwa raha. Ila mteja akishagusia bei, basi, mpiga picha hodari anageuka bubu. "Utakachojaliwa," ndilo lililokuwa jibu lake. Na watu, kama tunavyowajua, hujaliwa kidogo sana wanapoachiwa wajipimie wenyewe.

Aliyemlea Soni tangu afiwe na wazazi ni shangazi yake, dada wa baba, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mama huyu hakuogopa mtu. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni pengo lake. Jino la mbele lilimtoka zamani alipojigonga kwenye meza ya kukatia nguo, na tangu siku hiyo kila alipocheka alipeleka kiganja mdomoni upesi kama anayefukuza nzi. Siku moja mteja mmoja mnene alikuja kujaribu suruali. Akainama kuangalia pindo, na suruali ikapasuka nyuma kwa mlio uliosikika hadi barabarani. Shangazi alicheka mpaka akakisahau kiganja. Soni alikuwa mlangoni na kamera. Akabonyeza.

Ilikuwa picha ya ajabu. Shangazi ameinua kichwa, machozi ya kicheko yanameta, mdomo wazi, pengo wazi, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Alipoonyeshwa, Shangazi aliisogeza karibu na macho. Kisha akasema polepole, "Kumbe nikicheka nafanana na marehemu mama yangu."

"Nikiiuza utakasirika, Shangazi?"

"Mtu akitaka kuitundika sebuleni kwake, aamke na kicheko cha mtu, mpe. Kicheko si dhambi. Ila usimwambie ni mimi, atakuja kunikopa."

Hivyo ndivyo picha ile ilivyoingia mtandaoni. Ukurasa wa kuuzia picha ulitengenezwa na mtoto wa Shangazi, binamu yake Soni, kijana ambaye riziki yake ilikuwa kuwatengenezea watu tovuti. Walikaa naye mbele ya ile kompyuta, yeye anaandika, Soni anatazama.

"Sasa hapa," binamu alisema, "panatakiwa vitufe viwili. Cha kwanza ni cha mtu wa kawaida. Anapakua picha, anaitundika kwake, anaiweka kwenye simu, anamtumia rafiki. Huyo bei yake ndogo. Cha pili ni cha mwenye biashara. Huyo anataka kuiweka kwenye tangazo, au kwenye pakiti ya sabuni. Picha itamzalishia, kwa hiyo analipa zaidi, na anaeleza ataitumia wapi. Haya, ya biashara niandike ngapi?"

Ukucha wa kidole gumba ukaanza kukwaruzwa. "Kaka, kumuuliza mtu atakipeleka wapi kitu alichonunua si adabu. Shangazi akimshonea mtu gauni humuuliza atalivaa wapi?"

"Humuuliza! Tena ndilo swali lake la kwanza: la harusi au la kudekia sakafu?"

"Sawa, lakini weka kimoja tu. Watu wataona najidai."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Binamu alishusha pumzi akaweka kitufe kimoja, bei moja, na maneno matatu: *Pakua, lipa, tumia*. Soni akamwomba aongeze chini yake, *Asante na samahani*. Samahani ya nini? Binamu aliuliza hivyo hivyo. Soni akamjibu kwamba ni kwa usumbufu. Ungekuwepo ungemtikisa mabega binti yule, lakini ndivyo alivyokuwa.

Picha zikawa zinauzika moja moja. Msimu ulipita, na asubuhi moja Soni alikuwa akienda kununua betri alipofika njiapanda ya benki akainua macho. Salaale! Ukutani, juu ya vichwa vya watu wote, Shangazi alikuwa anacheka. Mdomo peke yake ulikuwa mpana kuliko mlango wa duka, na lile pengo, ambalo mwenyewe alilificha miaka nenda miaka rudi, lilikuwa limewekwa katikati kabisa, ambapo jicho lolote lisingeweza kulikosa. Chini yake paliandikwa kwa herufi nyekundu: USINGOJE UFIKE HAPA. Kisha jina la kliniki ya meno iliyokuwa ghorofani kando ya benki, na namba ya simu.

Alisoma tena, labda macho yamemdanganya. Wapi! Wanafunzi wawili walipita wakicheka, mmoja akajiziba jino la mbele kwa ulimi akamwigiza mama wa kwenye bango. Soni alitamani ardhi ipasuke immeze, na ikishammeza, ilirudie pia lile bango.

Mwingine angekwenda moja kwa moja kwa Shangazi akamweleza. Soni hakwenda. Alianza kumfanyia Shangazi hisani asizozizoea. Uzi ukiisha, "Kaa, Shangazi, nitakuletea." Vifungo vikihitajika, "Wewe pumzika, mimi nina miguu ya kijana." Maduka ya vifaa vya ushonaji yalikuwa ng'ambo ya njiapanda ile ile, na Soni alikusudia Shangazi asiifikie. Shangazi, masikini, aliguswa moyo. Aliwaambia majirani kwamba yatima akilelewa vizuri hurudisha wema. Soni aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya mlango, na yalimchoma kuliko tusi.

Hatimaye alijikaza akaenda kliniki. Njia nzima alijisemea maneno ya ukali, na ngazi alizipanda nayo yote kichwani. Meneja alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye viatu vinavyong'aa. Aliposikia kwamba mgeni ndiye mpiga picha mwenyewe, aliinuka akampa mkono kwa mikono miwili.

"Dada! Picha yako imetuletea wagonjwa mpaka viti havitoshi! Karibu, keti. Maji au chai?"

"Maji," Soni akasema.

Akanywa maji. Maneno makali yakashuka na maji. Meneja alizungumza peke yake, akamsifu, akamtembeza kwenye chumba kipya cha kusubiri kilichopakwa rangi ya kijani, akamuuliza kama angeweza kuwapigia picha za chumba hicho. Na Soni, niambie ni shetani gani alimshika ulimi, alijikuta barabarani amekubali kuwapigia picha, tena bure! Alikwenda kuishusha picha ya ukutani, akarudi na kibarua kisicho na ujira. Alitembea hadi nyumbani akijisonya mwenyewe.

Lakini la kuvunda halina ubani. Mama mmoja alikuja kuchukua sketi yake, akaingia na furaha zote. "Fundi, umekuwa mtu maarufu! Nimekuona pale njiapanda, umejaa ukuta mzima!" Shangazi alidhani anataniwa. Alitoka vile vile alivyo, utepe wa kupimia shingoni, sindano kifuani, akaenda kujionea.

Soni alipofika jioni, cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kigoda, ameelekeza uso ukutani.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo nyuzi ulizokuwa ukiniletea. Na vifungo."

"Ndiyo, Shangazi."

Soni alianza kueleza habari za kitufe kimoja, za *Pakua, lipa, tumia*, akachanganya maneno, akaishia kulia. "Niliona haya," alisema. "Niliona haya kuwauliza wanunuzi, niliona haya kukwambia, niliona haya hata kule kliniki."

Shangazi akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikiliza. Pengo ni langu, silikani. Nilikupa ruhusa mwenyewe watu wanione nikicheka, wala sijutii. Lakini kuwaambia watu wasifike nilikofika mimi! Mimi nimefika wapi? Nimelea, nimeshona, nimezika, nimecheka. Hapo ndipo nilipofika! Nani aliyewaambia hapo ni pa kuogopwa?" Kisha akaishusha sauti. "Na wewe umeniuma kuliko wao. Wao hawanijui."

Soni alipiga magoti akamshika miguu. Alitaka kusema samahani, neno lililokuwa halikauki mdomoni mwake, na kwa mara ya kwanza akaliona halitoshi.

Shangazi alimwacha alie mpaka basi. Kisha akavuta ule utepe shingoni akauzungusha kwenye kiganja. "Mtu akija kupimwa," alisema, "akaona aibu ya kitambi chake akavuta pumzi, nami nikakata kitambaa kwa kipimo hicho, siku ya sherehe vifungo vinaruka mbele za watu. Kosa la nani?"

"La mteja."

"Mteja huyo ni wewe. Umevuta pumzi tangu utoto wako. Hebu pumua, mwanangu, utapasuka." Akamfuta machozi kwa pindo la gauni. "Kesho tunakwenda wote. Lakini mimi sisemi neno. Mdomo wangu umeshatumika vya kutosha pale ukutani, kesho ni zamu ya wako."

Asubuhi waliongozana. Walipoingia chumba cha kusubiri, wagonjwa wote waliacha kushika mashavu wakamkodolea macho Shangazi. Mmoja akamgusa mwenziwe kwa kiwiko. Shangazi alipita kichwa juu, amevaa gauni lake bora, na Soni aliyekuwa nyuma yake akauona mkono wa Shangazi ukitetemeka kwenye mkoba. Kutetemeka kule kulimtia ujasiri kuliko mahubiri yoyote. Yule mwanamke asiyeogopa mtu alikuwa anaogopa, na aliyemponza ni yeye, Soni.

Meneja aliinuka kama kawaida yake. "Dada, karibu! Maji au..."

"Sinywi," Soni akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Nimekuja kwa habari ya picha. Ile niliiuza kwa mtu wa kuitundika nyumbani kwake."

Meneja akakunja uso, si kwa ubaya. "Ukurasa wako haukusema hivyo. Umeandika tulipe tutumie. Tumelipa, tumetumia."

"Haukusema kwa sababu mimi sikusema. Hilo ni kosa langu, nalibeba mwenyewe. Lakini huyu hapa ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Alikubali kicheko chake kiuzwe. Hakukubali kifanywe kitisho cha kuogopeshea watu. Yale maneno sitaki yalale tena chini ya uso wake."

Kwa mara ya kwanza meneja alimtazama vizuri mama aliyekaa kitini, kisha akatazama kalenda ya kliniki mezani, yenye uso ule ule. Uchangamfu ukamtoka. "Mama, shikamoo," alisema.

"Marahaba."

"Mimi nilidhani ni picha ya mtu wa mbali huko."

"Hata huyo wa mbali ni shangazi wa mtu," Shangazi akajibu, kisha akajiziba kwa mkoba. "Samahani, nimeteleza. Sikutakiwa kusema."

Meneja akacheka, Soni akacheka, na joto la chumba likapungua. Ikaonekana kwamba mjini kulikuwa na mabango mengine, na hayawezi kushushwa yote kwa siku moja, ila maneno yangeweza kufunikwa kwa utepe mpana wa karatasi, kabla ya jua kuchwa. Wakabishana kuhusu maneno mapya. Meneja akapendekeza la kwanza, Shangazi akaguna. La pili, akaguna zaidi. Mwishowe wakaafikiana: CHEKA UPENDAVYO, MENO TUACHIE SISI. Hilo Shangazi alilikubali, akasema hilo hata angelitundika dukani kwake.

Ingeweza kuishia pale. Soni wa jana angeshukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka. Shangazi alikuwa ameshashika mkoba. Lakini Soni hakuinuka.

"Kuna jambo la bei," alisema.

Kidole kilitaka kukwaruza ukucha, akakikalia.

"Picha ya kutundika nyumbani na picha ya bango haziwezi kuwa bei moja. Nyie inawaletea wagonjwa. Kwa matumizi ya biashara, kwa mabango na kalenda, kwa mwaka mmoja, bei ni..." Akaitaja. Ilikuwa sawa na kodi ya chumba chake kwa nusu mwaka. Ilipotoka mdomoni aliona kama ametukana mtu. Shangazi alikohoa. "Na picha za chumba cha kusubiri nilizosema nitapiga bure," Soni akaendelea upesi kabla moyo haujamgeuka, "nilikosea. Nazo zina bei."

Alingoja kuchekwa. Alingoja kuambiwa anajidai.

Meneja hakucheka. Aliegemea kiti akamtazama kwa namna ya kumhurumia, na huruma ile ilimuuma Soni kuliko ambavyo dharau ingemuuma. "Dada," alisema, "kiasi hicho ndicho tulichokuwa tumekitenga. Karibu sawasawa. Sisi hununua picha kila mwaka, tunajua ya biashara ina bei yake. Msaidizi wangu alitafuta kwenye ukurasa wako mahali pa kuilipia, akapakosa. Akakuandikia kukuuliza, na kukuuliza pia kama mwenye sura ameridhia. Ulimjibu, 'Chukua tu, hamna shida.'"

Soni akakumbuka. Ujumbe ulikuja siku yenye wateja wengi, kutoka kwa mtu asiyemjua, ukiuliza ya biashara ni bei gani na mambo mengine chini yake. Kuliona tu neno bei kulimtia kijasho. Alijibu haraka ili swali lisimkae machoni, na hakuusoma hadi mwisho.

"Fedha ile," meneja akaendelea, "tulipoona haihitajiki tukakipaka rangi chumba cha kusubiri. Siwezi kukudanganya, imekwisha. Ninachoweza leo ni nusu yake, kwa mabango. Picha za chumba nitalipa kamili. Ni vizuri umesema. Nilikuwa najiuliza kwa nini mtu mwenye kipaji kama chako anataka kufanya kazi bure, nikahofu labda picha zenyewe zitakuwa mbaya."

Walipotoka, Soni alisimama kwenye ngazi akashindwa kuendelea. "Ilikuwepo, Shangazi," alisema. "Ilikuwa imetengwa, inaningoja niitaje tu. Na wewe walitaka kukuuliza. Walitaka kukuuliza wenyewe! Yote haya yasingetokea." Akaketi pale pale kwenye ngazi akalia, na wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba wakampita wakidhani ameng'olewa jino.

Shangazi alikaa kando yake, gauni bora na yote. Hakumkatiza. Machozi yalipopungua alimwambia, "Nusu iliyokwenda imekwenda. Hii nyingine umeitoa kwa mdomo wako mwenyewe, nami nilikuwepo nikasikia. Sikujua una sauti ile. Nimekulea sikuijua."

Soni akafuta uso, akatoa simu akampigia binamu yake. "Kaka, weka kitufe cha pili. Cha biashara. Na chini yake andika kwamba anayetaka aseme kwanza ataitumia wapi na kwa muda gani, na kwamba nyuso za watu hazitumiwi mpaka wenyewe waridhie. Ile asante iache. Samahani ifute."

"Na bei?" binamu akauliza.

Soni akaitaja, kamili, bila kupunguza hata senti, kwa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke.

"Ni wewe kweli?" binamu akauliza. "Nani amekufundisha?"

Shangazi akaichukua simu mkononi mwa Soni. "Andika ulivyoambiwa, wewe mtoto, usiulize maswali," alisema. "Amenyamaza akakosa, amesema akapata. Mficha uchi hazai."